Kengele Husema Nini? Historia ya Upigaji wa Kengele na Mashine za Kuuigiza

(Somo hili lilisomwa redioni. Hapa limepigwa chapa kwa ajili ya vikundi vya elimu ya watu wazima vya Kemondo na vijiji vya jirani.)



Nakuuliza swali. Ni usiku. Mvua imekwisha, migomba yadondosha maji, nawe umelala. Mara kengele ya kanisa yalia. Je, wafanya nini kwanza? Huruki kitandani. Wasikiliza, na wahesabu. Ikiwa yalia pigo moja, kisha kimya, kisha pigo jingine, wajua kuna msiba, nawe waanza kujiuliza ni nyumba ya nani. Ikiwa yalia mbio mbio bila kupumzika, waamka na kuvaa, maana huenda nyumba inaungua, au mtumbwi haujarudi kutoka ziwani. Hakuna mwalimu aliyekufundisha mambo hayo darasani. Uliyapata kwa kukaa mahali ambapo kengele hupigwa na mtu mwenye kujua anachokisema.

Sasa fikiri kwamba kamba imekatika, na mpigaji amezeeka. Mahali pa kengele pamewekwa kipaza sauti, na ndani yake sauti ya kengele iliyorekodiwa katika nchi nyingine. Sauti ni nzuri, haina kasoro. Lakini ni ile ile kwa ibada, kwa msiba na kwa hatari. Je, usiku ule utahesabu nini?

Leo tutazungumza juu ya kengele na watu wanaozipiga, na juu ya jambo jipya kidogo: programu za kompyuta zinazoigiza upigaji wa kengele. Tutaona zilitoka wapi, zafanya kazi namna gani, na zaweza kutengenezwa vizuri zaidi kwa njia gani. Usije ukasema kwamba hayo ni mambo ya Wazungu, hayatuhusu. Utaona mwenyewe kwamba hapa Kemondo pana jambo la kuwafundisha watengenezaji wa programu hizo.

Tuanze na kengele zenyewe. Kabla ya kengele za makanisa, watu wa nchi hii walikuwa na ngoma za Wakama, na walijua tofauti ya ngoma ya sherehe na ngoma ya kuita watu. Kwa hiyo mishonari walipoleta kengele hawakuwakuta watu wasiojua kusikiliza chombo kinachosema. Mapadri wa White Fathers walifika Kashozi, kaskazini ya mji wa Bukoba, mwaka 1892, baada ya vita vya dini katika Buganda. Wakatoliki wana desturi ya kupiga kengele ya Malaika wa Bwana asubuhi, adhuhuri na jioni: mapigo matatu, kimya, matatu, kimya, matatu, kimya, halafu mapigo mengine mfululizo. Mkulima aliye shambani mbali na saa yo yote aliweza kujua wakati kwa kengele hiyo, awe Mkristo au asiwe. Hata leo wako watu wanaosema, “tutakutana kengele ya saa sita.”

Huko pwani iko kengele mashuhuri zaidi, nami nataka uijue habari yake. Mwaka 1873 Sir Bartle Frere alikuja Unguja kumshawishi Sultani Barghash aikomeshe biashara ya watumwa kwa njia ya bahari, na mwaka huo huo mkataba ukatiwa sahihi. Katika miaka ya 1874 na 1875 Church Missionary Society ilianzisha makazi ya watumwa waliokombolewa ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, upande wa Kisauni. Makazi hayo yakaitwa Freretown kwa heshima ya bwana yule. Pale ilisimamishwa kengele juu ya nguzo. Masimulizi ya mahali pale yasema kwamba ilipigwa kuwaonya watu wafanya biashara ya watumwa walipoonekana wanakuja, ili wenye kukimbia wakimbie na wenye kujificha wajifiche. Hata leo mtaa ule waitwa Kengeleni. Fikiri juu ya jina hilo! Watu hawakuuita mtaa wao kwa jina la mkubwa ye yote. Waliuita kwa jina la kitu kilichowaamsha.

Na sisi wengine tulikulia kwenye kengele ya aina nyingine kabisa, ambayo vitabu havitaji sana. Nasema juu ya rimu ya gari iliyotundikwa kwenye mti wa shule, au kipande cha reli, kinachopigwa kwa nondo. Usiicheke. Kazi yangu hunipeleka katika shule nyingi, na kila rimu ina sauti yake. Mtu aliyezaliwa jirani ya shule mbili hawezi kukosa kuzitofautisha. Yuko mtoto wa zamu apigaye kwa uvivu, yuko mwingine apigaye kana kwamba shule imevamiwa na nyuki.

Kwa nini kila kimoja kina sauti yake? Hapa yatupasa tukae kidogo, kwa sababu ndipo mashine za kuigiza zinapopata shida. Kengele ya kanisa kwa kawaida hufanywa kwa mchanganyiko wa shaba na bati: sehemu karibu 4 za shaba kwa sehemu 1 ya bati. Ukiipiga, haitoi sauti moja. Hutoa sauti nyingi kwa pamoja. Iko moja nzito chini, ambayo huvuma na kukaa muda mrefu kuliko zote. Ziko nyingine za katikati. Na ziko nyembamba za juu, zinazosikika kwa ukali kisha hufa upesi. Mwenye kuisubu kengele huipima unene wake hapa na pale ili sauti hizo zipatane. Rimu ya gari haikusubiwa kwa ajili ya kupatanisha sauti, ndiyo maana mlio wake una ukali wa namna yake. Ukiitundika kwa waya hulia vizuri. Ukiishika kwa mkono hunyamaza. Ukiipiga ukingoni hutoa neno moja, ukiipiga karibu na kitovu hutoa neno jingine. Jaribu utaona.

Basi, sasa twende kwa Waingereza, maana ndio waliotengeneza mashine hizi za kuigiza, na walikuwa na sababu.

Katika nchi nyingi kengele huning'inia mdomo ukitazama chini, nayo hubembezwa kidogo tu au hugongwa. Waingereza, tangu karne ya 17, walizifunga kengele zao kwenye gurudumu kubwa zima, na kamba ikazungushwa gurudumu hilo. Mpigaji huvuta mpaka kengele inasimama mdomo juu, kama kikombe. Kisha huivuta tena, nayo huanguka, huzunguka duara zima na kusimama mdomo juu upande wa pili. Kila mzunguko hulia mara moja. Kengele ya namna hiyo yaweza kuwa na uzito wa tani nzima, na bado mama mmoja mwembamba aweza kuitawala, kwa sababu inapokuwa juu imekaa katika mizani. Lakini hawezi kuiharakisha atakavyo. Aweza tu kuichelewesha kidogo juu pale au kuiwahisha kidogo. Kwa sababu hiyo wimbo wa kawaida haupigiki kwa kengele hizo. Walichofanya badala yake ni kubadili zamu.

Chukua kengele tatu, tuziite 1, 2 na 3. Sharti ni kwamba kila safari kengele yaweza kubadilishana nafasi na jirani yake tu, wala mpangilio mmoja usirudiwe kabla mipangilio yote haijakwisha. Wapiga 123, kisha 213, kisha 231, kisha 321, kisha 312, kisha 132, halafu warudi 123. Ni mipangilio 6. Mkiwa katika kikundi jaribuni kwa vikombe vitatu mezani. Kengele nne zina mipangilio 24, tano 120, sita 720, saba 5,040. Nane zina 40,320. Na wapigaji hawasomi karatasi wanapopiga. Yote yamo kichwani. Mwingereza Fabian Stedman aliandika kitabu cha sanaa hiyo mwaka 1677. Mwezi wa Julai mwaka 1963, huko Loughborough, watu wanane walizipiga kengele nane mipangilio yote 40,320 bila kupokezana na mtu mwingine, na kazi hiyo ilichukua karibu saa 18. Mimi hujiuliza walikula saa ngapi!

Sanaa hiyo ilifika Afrika pia. Kanisa kuu la Grahamstown katika Afrika ya Kusini, mji ambao siku hizi waitwa Makhanda, lilifungiwa kengele nane za namna hiyo mwaka 1879. Karibu nasi zaidi, ziko Kilifi katika pwani ya Kenya. Lakini hazikuenea, na sababu yake yaeleweka: ni ghali, zataka mnara imara, tena zataka kikundi cha watu walio tayari kujifunza kwa miezi mingi.

Hapo ndipo shida ilipozaliwa. Mwanafunzi wa kengele hukosea, kama mwanafunzi wa kitu cho chote. Lakini mwanafunzi wa kushona akikosea aharibu kitambaa kimoja; mwanafunzi wa kengele akikosea mji mzima wamsikia, Jumanne usiku, kwa saa mbili. Majirani hulalamika. Wapigaji wakatafuta njia ya kufanya mazoezi bila kusumbua watu. Waliufunga ulimi wa kengele kwa kamba ili usigonge, na kengele ikawa inazunguka kimya. Hilo liliwapumzisha majirani, lakini mwanafunzi naye hakusikia kitu. Na mpigaji asiyejisikia hawezi kujifunza.

Kompyuta ililitatua jambo hilo. Kando ya kengele iliyofungwa ulimi huwekwa kifaa kidogo cha mwali wa mwanga au cha sumaku. Kengele ikipita chini katika mzunguko wake, kifaa huipasha kompyuta habari. Kompyuta hungoja kidogo, karibu nusu sekunde, kwa sababu katika kengele ya kweli ulimi haugongi kengele inapopita chini bali baadaye kidogo inapopanda. Kisha huitoa sauti ya kengele katika vifaa vya masikioni vya mwanafunzi. Kengele nyingine saba zote hupigwa na kompyuta yenyewe bila kuchoka, na baada ya zoezi humwonyesha mwanafunzi kila pigo alilowahi au kuchelewa, kwa vipande vidogo vidogo vya sekunde. Programu zinazojulikana sana kwa kazi hiyo ni Abel, Beltower na Virtual Belfry. Mtu asiye na mnara aweza kuzitumia hata nyumbani, akibonyeza herufi za kompyuta mahali pa kuvuta kamba.

Mwaka 2020 programu hizo zilipata kazi kubwa kuliko zamani zote. Mwezi wa Machi, ugonjwa wa Korona ulipoingia Uingereza, minara yote ilifungwa, maana chumba cha wapigaji ni kidogo na watu husimama wakikaribiana. Wapigaji wawili walioko Marekani, Bryn Reinstadler na Leland Paul Kusmer, wakatengeneza Ringing Room, mahali katika intaneti ambapo watu walioko katika nyumba mbali mbali hupiga pamoja. Baadaye ikaongezwa Wheatley, msaidizi wa kompyuta anayejaza nafasi za watu wasiokuwapo. Yeye huwasikiliza wenzake na kufuata mwendo wao, wala hawalazimishi mwendo wake. Naona jambo hilo la mwisho ni kubwa kuliko linavyoonekana. Mashine za kwanza zilipiga sawa sawa kama saa ya ukutani, na aliyezoea kupiga nazo alishangaa alipokutana na watu wa kweli, ambao mmoja ana haraka na mwingine anasinzia.

Je, kazi imekwisha? La, hasha. Bado ziko kasoro, na wapigaji wenyewe wazijua.

Iko ya intaneti. Sauti ikisafiri kutoka nyumba hadi nyumba huchelewa, tena huchelewa kwa kadiri isiyo moja, na katika sanaa inayopimwa kwa vipande vya sekunde hilo ni kama kula ubwabwa wenye mchanga. Iko ya mkono. Kubonyeza herufi si kuvuta kamba. Hakuna uzito, hakuna kengele inayokuvuta juu ukikosea. Wako waliotengeneza gurudumu lenye chuma cha uzito badala ya kengele, likafungwa kwenye kompyuta, nalo lasaidia kweli, lakini ni kitu kizito kisichobebeka. Inafikiriwa kwamba mota ndogo yaweza kuivuta kamba na kuilegeza kwa hesabu, ili mkono udanganyike kuwa juu kuna tani ya shaba. Iko ya macho pia. Katika mnara mpigaji hutazama kamba za wenzake zikipanda na kushuka ili ajue amfuate nani. Picha ya kioo cha kompyuta yaonyesha mbele tu. Miwani ya kompyuta inayozunguka na kichwa yaweza kumpa wenzake kushoto na kulia.

Lakini kasoro inayotuhusu sisi zaidi ni ya sauti. Programu nyingi hutumia sauti ya kengele iliyorekodiwa mara moja. Ukiipiga mara mia, mara mia ni ile ile. Kengele ya kweli haifanyi hivyo. Pigo dogo na pigo kubwa hazitofautiani kwa ukubwa tu, bali kwa rangi ya sauti. Pigo la pili laikuta kengele bado yavuma kwa la kwanza, na mavumo hayo mawili huchanganyika. Iko njia ya kuyafanya hayo kwa hesabu, yaani kompyuta ipewe umbo la kengele, unene wake na madini yake, nayo itengeneze sauti upya kila pigo. Njia hiyo ikitumika vizuri haitaigiza kengele za Uingereza peke yake. Itaweza kuigiza kengele yo yote, pamoja na rimu ya lori chini ya mwembe.

Na hata hapo bado kutakuwa na pengo. Mashine hizi zilitengenezwa kwa ajili ya mpigaji aliye ndani ya mnara. Wewe na mimi tuko nje. Sauti nyembamba za kengele hufa njiani zikipita migomba na mabonde, na zile nzito ndizo hufika mbali. Kengele inayosikika ndani ya kibanja chako si ile anayoisikia mpigaji, wala si ile anayoisikia mvuvi ziwani. Tena mashine zajua mipangilio 40,320, lakini hazijui mpangilio mmoja wenye maana ya “njoni, kuna hatari.”

Waingereza wenyewe walilisahau hilo, wakakumbushwa na vita. Mwezi wa Juni mwaka 1940, walipoogopa kwamba askari wa Ujerumani wangeshuka kwa miavuli, serikali yao ilikataza kengele za makanisa zisipigwe kwa ibada. Zilikuwa ziwekwe kwa kazi moja tu: kutangaza kwamba adui amefika. Nchi nzima ilikaa kimya hivyo kwa zaidi ya miaka miwili, mpaka tarehe 15 Novemba 1942, zilipopigwa kwa furaha ya ushindi wa El Alamein. Unaona basi: katika saa ya hatari, taifa lenye redio na simu lilirudi kwenye jambo lile lile la watu wa Freretown.

Sasa utauliza: ujuzi wa mpigaji wa kengele wa kijijini, ambao haukuandikwa po pote, waweza kuchukuliwa na kuwekwa katika mashine? Si umo mikononi na masikioni mwake tu? Jibu la swali hilo liko chini ya miguu yako, hapa Kemondo.

Unajua kwamba katika ghuba yetu wachimbuaji wa mambo ya kale walikuta mabaki ya matanuru ya kuyeyushia chuma ya karne za mwanzo baada ya Kristo. Huko Katuruka yako masimulizi ya Mkama Rugomora Mahe, aliyeamuru mnara wa chuma ujengwe ufike mbinguni, ukaanguka. Mwanaakiolojia Peter Schmidt aliyafuata masimulizi ya wazee, akachimba kando ya mti mtakatifu wa Kaiija, ambao jina lake lasemwa kuwa na maana ya mahali pa kufulia chuma; na kweli akakuta alama za kazi ya chuma ya zamani sana. Lakini mabaki ni mabaki. Kipande cha bomba la udongo hakikuambii lilishikwa vipi.

Mwaka 1976 Schmidt pamoja na Donald Avery, mtaalamu wa vyuma, wote wa Chuo Kikuu cha Brown cha Marekani, waliwaomba wazee wa Kihaya wayeyushe chuma tena kwa njia ya zamani. Fikiri hali ilivyokuwa. Majembe ya dukani yalikuwa yameiua kazi hiyo miongo mingi kabla. Wazee waliokuwa vijana wakati ule walikuwa wamebaki wachache. Hawakuwa na kitabu. Walichimba shimo, wakalipaka udongo wa kichuguu, wakalijaza matete ya bwawani yaliyochomwa. Wakajenga tanuru juu yake kwa udongo na mavi ya chuma ya zamani, wakaingiza mabomba ya udongo, wakaanza kuvukuta. Mkono ulikumbuka yale ambayo mdomo usingeweza kuyaeleza. Joto lililopimwa lilizidi digrii 1,800 za Sentigredi, na chuma kilipatikana.

Mwaka 1978 mabwana wale wawili walichapisha habari hiyo katika gazeti la Science, wakisema kwamba mabomba yaliyoingizwa ndani sana ya tanuru yaliipasha hewa joto kabla haijafika motoni, na kwamba ufundi huo ulikuwapo tangu zamani za matanuru tuliyoyataja. Wataalamu wengine walibisha juu ya hewa hiyo, na ubishi ukaendelea kwa miaka. Hilo halitupunguzii kitu. Pasipo igizo lile pasingekuwa na kitu cha kupima wala cha kubishia. Kama wataalamu wangechelewa miaka ishirini, wangewauliza makaburi.

Igizo la wazee lilifaulu kwa sababu lilianza na watu waliowahi kuifanya kazi yenyewe. Programu ya kengele haina budi kuanza hapo hapo. Kwa maoni yangu, anayetaka kuiboresha kwa matumizi ya nchi zetu asianze na miwani ya kompyuta. Aanze na mzee mpigaji wa parokia, na mtoto wa zamu wa shule, na mtu aliye mbali anayesikiliza. Programu iwe ya Kiswahili. Ifanye kazi katika simu ya kawaida ya mkononi, bila intaneti, maana chaji na vocha si vitu vya kuchezea. Ipokee sauti ya kengele ya mahali, si ya Loughborough. Na imfundishe kijana kupiga msiba, Malaika wa Bwana na hatari mpaka mzee akiisikia aseme, ndiyo, hivyo hivyo. Na kijana aliyefundishwa hivyo apewe kamba ya kweli. Ikiwa kanisa au shule imekwisha kununua kipaza sauti, basi angalau kipaze kengele yake yenyewe, kwa mapigo yake yenyewe, kila moja kwa shughuli yake.

Kuna atakayesema kwamba siku hizi ujumbe wa simu watosha. Huenda wakati wa mchana. Lakini simu huzimwa usiku, huishiwa chaji, na humfikia yule tu ambaye namba yake unayo. Kengele haihitaji kujua namba ya mtu.

Sasa kazi ya kikundi kwa juma hili. Chagueni kengele moja: ya kanisa, ya shule au ya mwalo. Mwombeni ruhusa mwenye kuisimamia, na mwambieni mapema, ili mapigo yenu yasije yakaleta watu mbio na ndoo za maji. Mkae na mpigaji, mumwulize kila namna ya kupiga na maana yake, na alifundishwa na nani. Kisha apige, nanyi mrekodi kwa simu katika sehemu tatu: karibu na kengele, katika kibanja kilicho mbali kidogo, na pale ambapo sauti inakaribia kupotea. Ile ya karibu msiiweke simu chini kabisa ya kengele, maana sauti kubwa mno huharibika katika simu. Rudini nyuma hatua thelathini hivi. Msiseme wala kukohoa mpaka mvumo wa mwisho umekwisha kabisa, kwa kuwa mvumo huo ndio wenye habari nyingi.

Halafu andikeni mapigo kwenye daftari. Pigo liwe nukta. Kimya kiwe mstari, na chini ya mstari andikeni idadi ya pumzi mlizovuta mkingoja. Malaika wa Bwana itaonekana hivi: nukta tatu, mstari, nukta tatu, mstari, nukta tatu, mstari, kisha safu ndefu ya nukta. Kengele ya msiba itakuwa nukta moja na mstari, nukta moja na mstari, na hapo msikimbilie kugeuza ukurasa. Hesabuni pumzi kwa makini, kwa sababu mpigaji mmoja hungoja mbili na mwingine hungoja nne, na watu wa mahali pale wajua ipi ni ya kwao. Mkimaliza, mpeni mtu ambaye hakuwapo daftari lile na rimu ya gari, apige alichokisoma, huku mzee mpigaji akisikiliza kutoka nje. Pale atakapotikisa kichwa, wekeni alama.